Mpiga picha wa konani akiona pikipiki inaanguka: aache kamera akimbie, au abaki anarekodi? Tujadili

Wakuu naomba tuliongee hili kwa utulivu, maana kila klipu ya pikipiki kuanguka kwenye kona ikisambaa watu wanagombana palepale, nusu wanamtukana aliyerekodi kwamba hana utu, nusu wanamtetea kwamba yeye yuko kazini na aliyeanguka kajitakia mwenyewe na spidi zake. Mimi nina upande na nausema mapema: mtu anayekaa kwenye kona makusudi na kamera sio mpita njia, na ndo maana naona wajibu wake wa kusaidia ni mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote aliyepo pale.

Kwa wasioijua hii kazi, kuna barabara Marekani inaitwa Tail of the Dragon, ni kipande cha US 129 kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, kona 318 ndani ya maili 11, yaani kama kilomita 18 tu. Wapiga picha wanakaa konani siku nzima wanapiga kila anayepita, picha zinawekwa kwenye tovuti, wewe unatafuta tarehe na saa uliyopita unajikuta umelaza pikipiki vizuri, yaani umeiinamisha upande kukata kona, unanunua. Mulholland Highway kule milimani karibu na Los Angeles, kipande wanachokiita The Snake, mambo yalikuwa hayohayo, ila kule video za watu kuanguka zilijulikana dunia nzima. Biashara yenyewe sina ugomvi nayo, picha nzuri ya mtu akiwa kwenye kona ni kitu anakitunza maisha yake yote.

Ila angalia wanachagua kona ipi. Hakuna anayekaa kwenye barabara iliyonyooka, wanataka pale watu wanapolaza mpaka goti linakaribia lami, na hapo ndipo mshiko wa tairi unakuwa umetumika karibu wote. Tairi lina mshiko wake wa kiasi, ukiutumia mwingi kukata kona kinachobaki cha kufungia breki ni kidogo sana, na ukiingia kona ileile kwa spidi mara mbili nguvu inayotakiwa kukugeuza inakuwa mara nne sio mara mbili. Sasa mtu kaingia amechangamka, katikati anaona kona inazidi kujifunga, anashtuka anabana breki ya mbele au anaachia mafuta ghafla, gurudumu la mbele linaondoka na yeye yuko chini, au anakodolea macho ukingo wa barabara na pikipiki inafuata macho yake inatanuka mpaka leni ya wanaokuja, wakati mara nyingi angeangalia tu mwisho wa kona na kulaza kidogo zaidi angepita. Na wala sio mambo mapya, ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California ya 1981, waliofuatilia ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles kwa kwenda zilipotokea, ilisema kwamba kwenye ajali za pikipiki peke yake bila gari lingine, karibu theluthi mbili chanzo kilikuwa kosa la mwendeshaji, na makosa ya kawaida yalikuwa hayohayo, breki kupita kiasi hadi anateleza, au kutanuka konani kwa spidi.

Kwa hiyo mpiga picha anaijua kona yake. Anajua changarawe inapomwagika, anajua wanapoangukia, anajua anayetokea upande wa pili anaanza kuiona kona akiwa wapi. Nani mwingine pale ana ujuzi huo? Aliyeanguka hana, marafiki zake wako mbele na pengine hawajajua hata kama hayupo nyuma yao.

Na hapa ndo watu wanakosea kwenye huu mjadala, wakisikia kusaidia wanafikiria kutibu. Wanasema yeye sio daktari, akimgusa atamvunja shingo, bora asimame mbali. Jamani msaada wa kwanza kwenye kona sio kumgusa mtu, ni kusimamisha wanaokuja. Fanya hesabu: spidi ya kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde, na kama kona imefichwa na mwamba unaona mita 40 tu mbele yako, anayekuja hana hata sekunde 2 tangu amuone aliyelala barabarani mpaka amfikie. Hawezi kusimama huyo, na akijaribu kufunga breki huku amelaza pikipiki konani anaanguka na yeye juu ya mwenzie. Mtu mmoja akikimbia kurudi nyuma kabla ya kona, akapunga mikono na jaketi au chochote kinachoonekana, anaokoa watu wawili bila kugusa mfupa wa mtu. Hiyo haihitaji cheti.

Halafu kupiga simu ya dharura na kusema mahali sahihi, kwenye milima simu inaweza isishike hata kidogo kwa hiyo anayekaa pale kila wikiendi anatakiwa ajue mapema inaposhika. Halafu ndo majeruhi: usimvute kama hakuna moto wala hatari nyingine ya haraka, helmeti usiivue maadamu anapumua vizuri, mwambie asigeuze shingo, damu inayotoka kwa nguvu ikandamize kwa kitambaa usiachie.

Upande wa sheria umegawanyika. Ujerumani anayeweza kusaidia bila kujiweka kwenye hatari kubwa akaacha, ni faini au kifungo hadi mwaka 1, na kupiga picha inayoonyesha mtu asiyejiweza ni kosa lingine lenye kifungo hadi miaka 2, tangu 2021 limepanuliwa hadi picha zinazomdhalilisha aliyekufa. Ufaransa kutomsaidia aliye hatarini inaweza kufika miaka 5 na euro 75,000, ndo kosa mojawapo walilochunguzwa nalo wapiga picha wa ajali ya Princess Diana kwenye handaki la Alma, Paris, Agosti 31, 1997, ingawa 1999 waliachiwa. Marekani majimbo mengi hayamlazimishi mtu baki kusaidia. California mahakama kuu ya jimbo ilisema mwaka 2008 kwamba sheria ya kumlinda msaidizi inahusu huduma ya kitabibu tu, yaani ukimvuta mtu kumtoa kwenye gari ukamuumiza unaweza kushtakiwa, na 2009 bunge la jimbo likaibadilisha ili imlinde pia anayesaidia kwa nia njema bila malipo, isipokuwa uzembe mkubwa au makusudi. Kwa hiyo ile hoja ya "nikimsaidia atanishtaki", kwa California nguvu yake imepungua sana tangu mwaka huo.

Sasa kurekodi kwenyewe. Hapa natofautiana na wenzangu wa upande wangu wanaotaka kamera izimwe papo hapo. Mimi sioni shida kamera ikibaki kwenye stendi yake inaendelea kurekodi, ilimradi mwenye kamera kaondoka nyuma yake, na hiyo video inaweza kusaidia kweli, waokoaji wakijua aligonga kifua kwenye ukingo wa chuma au aliteleza tu chini wanajua watafute majeraha ya aina gani. Kinachonichukiza ni ile klipu ambayo kamera inamfuata aliyeanguka, inavuta karibu, inakaa kwenye uso wake anavyougulia, dakika zinaenda na mkono wa mrekodi hauonekani popote. Mkono ulioshika kamera ungeweza kushika simu. Na kuiposti kabla mwenyewe hajakubali, au kabla familia haijaambiwa, kwangu hilo halina utetezi wowote hata kama barabara ni ya umma.

Kuna wanaosema kamera ndo inawachochea watu waongeze spidi. Kwa wengine ni kweli, kuna wanaogeuza na kupita mara ya pili na ya tatu mpaka picha itoke, lakini anayeshika mafuta ni yeye mwendeshaji, siwezi kumpa mpiga picha lawama yote. Na kwamba kajitakia? Hata aliyejitakia anavuja damu, wala anayemfuata nyuma hakujitakia chochote.

Hoja moja ya upande wa pili naipa uzito, usalama wa mpiga picha mwenyewe. Pikipiki ikipoteza mshiko inatoka kuelekea nje ya kona, na anayekimbilia majeruhi bila kuangalia anaingia kwenye njia ileile ambayo inayofuata itateleza. Ndo maana nataka wanaouza picha konani wawe na koti linalong'aa na mfuko wa huduma ya kwanza, wawe wamepita mafunzo mafupi, na wawe wawili, mmoja kila upande wa kona.

Ila wengi wako peke yao, na hapo ndo nataka kuwasikia hasa nyie mnaopiga picha na nyie mnaoendesha. Mtu kalala kwenye leni ya wanaokuja, anavuja damu nyingi mguuni, mnasikia injini nyingine inapanda mlima, na uko mwenyewe. Mimi nasema unakimbia kwanza kumsimamisha anayekuja, unamlazimisha asimame na kukaa pale azuie wengine, ndo unarudi kwenye damu. Kuna ambao najua watasema damu kwanza, waje na sababu zao.