Uzi: Uliyewahi kukodi chumba cha faragha hoteli ya nyota tano, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kike analetewa posa na mahari mwezi ujao, wageni 40. Kwetu Sinza hata bajaji haina pa kuegesha, ndiyo tukaangukia hoteli kubwa mjini. Dada wa mauzo kaniambia chumba bure, nami nikatamba kwenye kamati. Proforma, yaani ankara ya awali, ilipokuja: chumba bure kweli, ila lazima tule na kunywa kufikia kiwango walichoweka wao. Tena 90,000 kwa kichwa ina alama mbili za kujumlisha pembeni. Nilidhani urembo.

mama_kamati: Urembo! Hiyo ni kodi na ada ya huduma, kaka. VAT peke yake asilimia 18: watu 40 ni 3,600,000, weka 648,000 juu. Mimi siku hizi nauliza tu, "Mpaka natoka mlangoni nitakuwa nimelipa ngapi?" Waandike, wagonge muhuri.

Mzee wa Kariakoo: Mahari hotelini? Washenga watapiga hodi wapi, mapokezi?

mleta uzi: Mzee wangu, hata baba kauliza hivyo hivyo 😂

Njoro254: Nairobi VAT ni 16, na ushuru wa utalii 2. Kama ni asubuhi, omba bei ya mkutano wa nusu siku: chumba, chai, chakula cha mchana, maji, mpaka kalamu. Ruracio (mahari ya Kikuyu) ya binamu yangu tulifanya hivyo. Wazee walihesabu mbuzi kwenye vijitabu vya hoteli.

Shem wa Mbezi: Mimi nilikuwa upande wa kuoa. Tukapewa nusu ya ukumbi, katikati ukuta wa kukunja unaotembea kwenye reli. Tulipokwenda kukagua mchana, kimya kama msikitini. Jioni ng'ambo kuna kitchen party! Mshenga wetu ni mzee wa mafumbo, anaongea taratibu, kila akivuta pumzi ng'ambo vigelegele. Akafika kwenye ng'ombe: "Tumekuja na wanane." Spika ya jirani ikapaza: "Ongezaaa!" Wakwe wakasema, mnaona, hata wapita njia wameona ni kidogo. Tulitoka tumeongeza wawili.

Binti Salma: Idadi nayo muichunge. Sisi ilifungwa siku tatu kabla. Baada ya hapo inapanda, haishuki. Tuliandikisha 60, wakaja 41, tukalipa 60. Shangazi akachomoa mifuko yake abebe pilau, meneja akagoma: chakula cha bufee hakitoki nje, kikichachia njiani lawama ni za hoteli. Shangazi hajatusamehe mpaka leo.

mleta uzi: Nimewapigia sasa hivi. Chumba chetu nacho kina ukuta wa kukunja, na ng'ambo siku hiyo kuna kitchen party. Niombe kuhamishwa?

Shem wa Mbezi: Wewe si uko upande wa binti? Tulia hapo hapo.