Naomba ushauri: mbwa anakojoa ndani tangu mafundi waanze kazi

Habari zenu wakuu. Nina mbwa jike wa miaka minne, na tangu utotoni haja zake anamalizia nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Sasa tunabadilisha vigae na paa la jikoni. Grinda inalia kutwa, wageni wanaingia na kutoka, na pale mwembeni pamejaa mchanga na kokoto. Tangu hapo anakojoa koridoni, tena usiku, mafundi wakiwa wameshaondoka. Nikimtoa nje ananusa lile lundo la mchanga, anafyata mkia, anarudi kusimama mlangoni.

Anakula vizuri na mkojo hauna damu, ila maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta hali hii, kwa hiyo nampeleka kwa daktari wa mifugo apimwe. Kumchapa sitaki kabisa. Ana hofu, kipigo kitaizidisha. Koridoni sidekii kwa dawa yenye amonia, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo.

Mliopitia hili, nimzoeshe kona nyingine upande wa geti, au nimpeleke kwa dada yangu Kibaha mpaka ujenzi uishe? Naogopa kumhamisha kutamchanganya zaidi. Na kazi ikiisha, atarudia mwembe wake mwenyewe au nianze kumfundisha upya?