Injini yenye tabo kukosa mafuta

Swali: Ndugu mafundi, nimefunga tabo (kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini) kwenye injini ya petroli, na msukumo wa hewa ukifika baa 1 injini inagonga na kupoteza nguvu. Je, nibadilishe pampu ya mafuta pekee, au na nozeli (vinyunyizaji vya mafuta) pia?

Jibu: Usinunue chochote kabla ya kupima presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli). Ikiwa ni baa 3 bila msukumo, inapaswa kufika baa 4 tabo inapotoa baa 1, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huipinga nozeli inaponyunyiza.

Jibu: Kumbuka pia kwamba pampu hutoa mafuta machache zaidi kadiri presha inavyopanda, na waya mwembamba wa umeme wa pampu (wengi husahau) huidhoofisha.

Muulizaji: Presha ilikwama kwenye baa 3, kwa kuwa mpira unaopeleka msukumo wa hewa kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) haukuunganishwa.