Tupeane uzoefu: siku uliyowaambia familia "hapana" bila kupandisha sauti

Wadau salama? Naanza mimi. Nimezaliwa Mkomani, Lamu, nyumba ya mawe yenye daka nje, ule ukumbi wa mlangoni, na vidaka vya plasta ndani, vile vishubaka vya ukutani, mamangu akivionesha kwa mgeni utadhani kavichonga yeye. Chokaa inabanduka, boriti zinavuja kila masika, lakini ukiingia tu kabla hujapewa maji utaambiwa sisi ni kina nani. Sasa mimi nikampenda fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwa hiki hiki jamani, sio Ulaya.

Washenga walipokuja ami, nduguye babangu, akawakalisha barazani, ndani hawakuingizwa, kahawa wakapewa ila halua hapana. Mtu wa pwani anajua hiyo maana yake nini. Usiku nikaitwa, ami, mamangu na shangazi wawili, nikaambiwa yule si kufu yetu, yaani si wa hadhi yetu kuoana naye, watu wa kusuka mikeka na kupigilia misumari. Nikasema pole pole, ami, na hilo jahazi mnalosema lilileta mababu, alilipigilia nani? Mdogo wangu akadakia eti zamani ilikua mitepe, inashonwa kwa kamba, misumari haina. Karibu nicheke wallahi.

Ami akatoa neno lake la mwisho, hataniozesha. Nilikua nishamuuliza shekhe mapema kwa hiyo sikulia wala nini, nikamwambia ami nakuheshimu, lakini baba hayuko, babu hayuko, wali wangu, yaani wa kuniozesha kisheria, ni kakangu, na yeye kashakubali kwa simu tangu Ijumaa. Kimya. Mamangu akainuka akaenda kuzima jiko ambalo halikua linawaka.

Harusi ilikua ndogo. Mama hakuja siku ya nikaha, siku ya tatu akaleta sinia la pilau, akaweka, akaondoka. Miaka sita sasa. Mlango ukimgoma anapiga simu, "mwambie yule fundi aje." Jina lake hajawahi kulitaja. Haya, na nyinyi?

MINAZI SABA:
Mimi wa Malindi, Shela (si ile ya Lamu). Baba alipofariki, mama alishatangulia, ndugu zangu watatu wa kiume wakataka kuuza shamba la minazi upande wa Mambrui kwa Muitaliano mmoja, wakaniletea karatasi nitie saini nimejitoa, eti tusilivunje jina la baba, mwanamke wa nyumba yetu haendi kortini kugombania minazi. Nikaisoma yote, nikaisoma tena, chai yao ikapoa. Nikawaambia sheria mnaijua kunishinda, nyinyi watatu mbili mbili, mimi moja, mafungu saba, langu hilo moja tu. Lenu sitaki na langu msilitake. Kesho yake nikaenda kwa kadhi, peke yangu, na buibui langu la kila siku. Fungu nikapata. Salamu ndio sikupata, wawili mpaka leo wananipita njiani kama nguzo ya Vasco da Gama. Idi nawapelekea mahamri naacha mlangoni. Sahani zinarudi zimeoshwa, kwa hiyo wanakula 😂

KAKA MKUBWA:
Mimi nilikua upande wa hao ndugu. Dadangu alianza kuuza viazi karai na bajia hapo Langoni, mtaa wa Lamu mjini, nikamwambia unatuaibisha, watu watasema tumefilisika. Akanijibu, kakangu, tumefilisika kweli, mimi ndio nalipa stima. Sikua na la kusema. Siku hizi napita hapo magharibi nanunua, ananitoza bei kamili.

BINTI WA DAKANI:
Mashallah kwenu, lakini msitudanganye kwamba upole unafanya kazi kila mahali. Mimi niliachika, nikarudi kwetu na watoto wawili, ikija wageni tunaambiwa tupande juu tusionekane. Nikaongea kwa adabu zote, mara tatu, na mamangu na khalati zangu, dada zake mama, wakaniskiza vizuri kabisa halafu ikabaki vile vile. Nikakodi chumba Langoni. Sikugombana na mtu, nilipakia godoro kwenye punda mchana kweupe, njia kuu, kila baraza ikaona. Hilo ndilo liliwauma, sio maneno yangu yote yale.

MWENYE UZI:
Binti wa Dakani, hiyo ya punda mchana 🙌 walikufuata ama bado?

BINTI WA DAKANI:
Mama alituma mtu. Anaulizia watoto, na lile godoro, eti lilikua la nyumba.