MREJESHO: Maziwa ya dang'a kwa mgonjwa wa saratani

Wakubwa shikamooni. Niliuliza kama mama yangu, anayetibiwa saratani ya titi kwa dawa za dripu, anaweza kunywa dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, la ng'ombe wetu aliyezaa hapa Tukuyu, maana majirani walisema linarudisha kinga. Asanteni kwa majibu na maombi. Tulikwenda kliniki Mbeya mjini tukamuuliza daktari wake.

Maziwa hayo yakiwa mabichi, hapana kabisa. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazokinga mwili, na maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba ugonjwa wa mifugo uitwao brusela, hata kifua kikuu cha ng'ombe. Ukiyachemsha yanaganda kama mayai, na kingamwili zake nyingi zinaharibika. Ni kweli yana protini iitwayo laktoferini, ambayo imechunguzwa maabara dhidi ya seli za saratani, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba dang'a linatibu saratani kwa binadamu. Hata lile la unga la kwenye makopo, tusimpe kabla daktari hajaliona.

Kilichoniuma ni mama, alishaweka matumaini yake yote kwenye kikombe kile. Daktari alikaa naye bila haraka, akamwelekeza maziwa yaliyochemka vizuri, mayai yaliyoiva, maharage. Na akipata homa, hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Hilo la homa, mwenye mgonjwa naomba alishike sana.

Dang'a amenyonya ndama. Mama anaendelea na dripu, na jana ugali na samaki alimaliza.