Nimekwama kwenye 13,717,421: ni namba tasa au siyo?

Mpenda_Namba:
Wakuu, naombeni msaada. Nataka kuijua vizuri namba 1,234,567,890: vigawo vyake na kundi lake. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 zimo. Jumla ya tarakimu zake ni 45, kwa hiyo 9 nayo imo. Nikigawa kwa 90 napata 13,717,421, na hapo ndipo nimekwama. Nimejaribu namba tasa zote hadi 97, hakuna iliyogawa bila baki. Kipeuo chake cha pili ni kama 3,703.7, maana yake bado kuna mamia ya namba tasa za kujaribu. Kompyuta sitaki, nataka nione mwenyewe kwa kalamu. Kuna njia ya mkato?

Witiri:
Ipo mkuu, ni ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Ukiweza kuandika namba kama a² − b², basi ni (a − b)(a + b), vigawo hivyo umeshavipata. Anza na namba nzima iliyo juu kidogo ya kipeuo:

3,704² − 13,717,421 = 2,195. Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25, kwa hiyo hii tupa.
3,705² − 13,717,421 = 9,604. Hiyo ni 98²!

Basi 3,705 − 98 = 3,607, na 3,705 + 98 = 3,803. Siyo tasa.

Kalamu_Karatasi:
Safi sana. Ila mleta uzi, usiitegemee kila mara. Imetoa jibu haraka kwa sababu vigawo hivyo viwili vimekaribiana. Vingeachana mno, ungehesabu mpaka uchoke.

Mpenda_Namba:
Nimezidisha, imekubali kabisa! Asanteni. Sasa 3,607 na 3,803 nitajuaje kama ni tasa? Nianze kugawa upya?

Witiri:
Hapana, kazi hiyo umeshaifanya. Kipeuo cha 3,607 ni kama 60, cha 3,803 hakifiki 62. Mojawapo isingekuwa tasa, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi hapo, na kigawo hicho kingegawa pia 13,717,421. Wewe umepita hadi 97 hukukiona. Zote mbili ni tasa.

Namba yako ni 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803. Kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1) ongeza 1, kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2, vigawo 48.

Kalamu_Karatasi:
Kuhusu kundi: jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1,977,042,798. Imeipita namba yenyewe, kwa hiyo siyo kamilifu kama 6 au 28, ambazo jumla hiyo hulingana nazo zenyewe; ni ya wale ambao vigawo vyao vinawazidi. Halafu kuna hili ninalolipenda zaidi: haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, kwa kuwa 3,607 ukiigawa kwa 4 inabaki 3, nayo imeingia mara moja tu. Kwa miraba mitatu inawezekana. Itafute mkuu, ukiipata iweke hapa.