Magati kwa mwekezaji: mkataba huharibika wapi?

Wakala_Shimanzi:
Ndugu zangu, tangu 2023 magati namba 11 hadi 14 na kituo cha kwanza cha makontena hapa Mombasa vimekuwa vikitajwa kupewa mwekezaji binafsi. Mtaani husikii ila "bandari yauzwa" na "kazi zinakwisha". Sisi mawakala wa forodha tunaandaa maoni ya maandishi. Mkataba wa ubia namna hii huharibikia kipengele gani hasa?

Kinagati:
Anzeni na dhamana ya shehena. Mwekezaji akikopa kununua kreni, benki humtaka mapato ya uhakika, naye huigeukia serikali imwahidi idadi ya makontena kila mwaka. Pigeni hesabu ya mfano: ahadi ni 400,000, yakaja 330,000, fidia ni dola 30 kwa kila kontena lililokosekana. Pengo la 70,000 ni dola milioni 2.1, zinalipwa kwa kazi ambayo haikufanywa. Ugonjwa huu tunaujua. Mwaka 2014 Mamlaka ya Bandari iliihakikishia reli mpya shehena: ifike isifike, malipo yapo. Baadaye makontena yakasukumwa reli hadi Nairobi, na vituo vya makontena na malori ya Mombasa vikaumia.

Halafu kina cha maji. Kikiandikwa tu kwamba mamlaka "itatunza mlango wa bandari", ugomvi huzuka mita chache kutoka ukuta wa gati, kila upande ukisema mchanga ule si wangu kuuchimba. Wakati huo meli ndefu inangoja maji yajae, au inakuja na mzigo pungufu. Itakiwe ramani yenye mpaka, kina kwa mita maji yakiwa yamekupwa kabisa, na upimaji kila mwaka.

Mzizima:
Tazameni Dar es Salaam. Kituo cha makontena kilikodishwa mwaka 2000 kwa miaka 10, na mwaka 2005, muda wa kwanza ukiwa nusu tu, ikaongezwa 15. Bunge lilikuja kulalamika kalamu imeshapita. Kipengele cha kuongeza muda kifungwe: hakuna nyongeza kabla ya mwaka wa mwisho, wala bila zabuni mpya. Na kipengele kinachozuia gati jirani kuhudumia makontena kiondolewe kabisa, maana hapo ndipo ada hupandishwa kwa raha.

Fundi wa RTG (kreni za matairi):
Mwisho wa mkataba husahaulika. Miaka mitatu minne ya mwisho mwekezaji huacha kubadilisha kamba za chuma, matairi na spreda (fremu ya kreni inayoshika kontena), kwa sababu faida ya vipuri itavunwa na mwingine. Mnakabidhiwa kreni zilizosimama. Dawa ni ukaguzi wa fundi huru miaka mitano kabla ya kukabidhi, na pesa za dhamana zinazokatwa kulingana na kasoro.

Wafanyakazi nao: "watahamishwa" haitoshi kuandikwa. Itajwe idadi, mshahara usioshuka, na nani anabeba pensheni ya miaka iliyotangulia.

Wakala_Shimanzi:
Ahsanteni sana. Rasimu yenyewe tutaipataje?

Kinagati:
Andikeni barua kwa Mamlaka chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakikataa, nendeni Tume ya Haki ya Utawala. Msiombe "mkataba" tu, tajeni pia viambatisho, maana ada na dhamana hukaa huko.